Jina Lililoitwa Mara Tatu

Jumatatu, Machi 22, 2010, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, mtunza nyumba Mzee Temyong alifungua maktaba ya Sigma Lakan, chama cha udugu cha wanafunzi, Quezon City, Ufilipino, akamkuta Wakili Honorio Catacutan amelalia meza, kisogo kimepasuka. Chini ulikuwa umeanguka ubao mmoja kati ya mbao zilizotundikwa ukutani, zinazotumika kuwachapa wanafunzi wa chuo siku wanapoingizwa uduguni.

Saa moja Temyong alikuwa na pingu. Ubao ulijaa alama za vidole vyake, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Kapteni wa polisi Remedios Dumlao alifika saa mbili, amechoka hata kabla ya kuvuka kizingiti. Kutoka kwenye picha za ukutani walimkodolea macho rais mmoja wa zamani, majaji tisa na maseneta ambao hakujisumbua kuwahesabu, wote waliolelewa na nyumba hii. Hata bosi wake, Kanali Anacleto Buenviaje, alikuwa mwenzao. Kanali alisimama chini ya picha hizo, kofia mkononi, kama yuko kanisani.

Marehemu alikuwa akiandika historia ya miaka mia ya udugu. Remedios alipekua rundo la karatasi: sura ya 1974 haipo. Kwenye daftari la wanachama, ukurasa wa mwaka huo umechanwa. Jumapili marehemu alipiga simu mbili tu, moja kwa ofisi ya Seneta Evaristo Pangilin, nyingine kituo cha polisi cha Remedios mwenyewe.

"Hiyo ya kituoni ni yangu," alisema Kanali. "Mambo ya chakula cha sherehe. Sasa Remy, alama za vidole tunazo. Unatafuta nini tena?"

Remedios alikuwa akitafuta sababu ya kumwamini Temyong, basi. Sheria ilimpa saa thelathini na sita tangu mzee akamatwe. Jumanne saa moja jioni mzee angepelekwa kwa mwendesha mashtaka, na kosa la mauaji halikuwa na dhamana. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Akiingia, hatoki.

"Alama zangu zitakosaje, Ma'am?" alisema Temyong mahabusu. "Mbao zile nazifuta vumbi mimi, kila Jumamosi."

"Jumapili nani alikuja?"

"Nilikuwa jikoni. Saa kumi alasiri mlango uligongwa mara tatu, kisha mara moja. Hivyo hugonga ndugu wenyewe, na hufunguliana wenyewe. Mimi sitakiwi hata kuchungulia."

"Na 1974?"

Temyong alipunguza sauti. "Kijana alifia mikononi mwao wakimwingiza. Crisanto Maranan. Kundi lile likafutwa, hakuna anayelitaja. Wakili mwenyewe alikuwa mmoja wao; wengine utawajua msibani tu."

"Kivipi?"

"Ndugu akifa, jina lake huitwa mara tatu mbele ya jeneza. Ya tatu, waliochapwa naye siku moja ndio wanaomwitikia, 'Yupo.' Mwingine yeyote ni marufuku kufungua mdomo."

Seneta Pangilin alikuwa akiwania urais, kura zimebaki wiki saba, na alimpa Remedios dakika sita.

"Honorio nilimjua juu juu tu. Alipiga kuomba mchango wa kitabu. Mimi niliingia 1976, mama. Mwaka 1974 nilikuwa Cebu nikimwuguza mzazi wangu."

"Na Jumapili saa kumi?"

"Nilikuwa nimelala. Hata wanasiasa tunalala."

Jumanne saa tisa alasiri Remedios alisimama nyuma ya ukumbi wa maombolezo, miguu ikimwaka moto, Kanali pembeni yake. Mbele, Seneta alikuwa ameinamisha kichwa kwa ajili ya kamera.

"Honorio Catacutan!" aliita mzee wa udugu. Kimya.

"Honorio Catacutan!" Kimya.

"Honorio Catacutan!"

"Yupo!"

Sauti ilitoka safu ya mbele. Kando ya Remedios, Kanali alipatwa na kikohozi, akaziba mdomo kwa leso.

Saa kumi kasorobo walikuwa watatu katika chumba cha pembeni, Kanali amesimama mlangoni.

"Mheshimiwa, ulimwitikiaje mtu uliyemjua juu juu?"

Seneta alijifuta paji la uso. "Mazoea. Kila msiba tunasikia neno hilo."

"Mnalisikia. Anayelitamka ni wa kundi lake. Kundi la 1974, ambalo sura yake imeibwa."

"Haya, nimeitika. Kamwambie hakimu nimeitika!" Alicheka, akamgeukia Kanali. "Kaka, mwambie huyu akapumzike. Amechoka."

Kweli alikuwa amechoka, na mkononi hakuwa na kitu kingine. Alikiwaza kile kikohozi. Akageuka, akamtazama bosi wake usoni.

"Crisanto Maranan," aliita.

Seneta aliacha kucheka.

"Crisanto Maranan."

"Acha upuuzi!" alifoka Seneta.

"Crisanto Maranan."

Kanali alifumba macho. "Yupo," alisema.

"Anacleto!"

"Tulikuwa saba, Evaristo, tukiamriwa kuchapana kwa zamu. Sita tulichapwa tukanyamaza. Crisanto alilia, nawe ukasema atanyamaza tu, ukaendelea kumpiga." Machozi yalimtiririka bila aibu. "Remy, ile simu haikuwa ya chakula. Honorio aliniambia kila kitu kimo kitabuni, na Evaristo anakuja saa kumi kusoma sura ile. Nilimwacha mzee wa watu akae na pingu siku mbili, na nilijua."

Seneta aliketi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilimwomba asubiri mpaka Mei. Wiki saba tu! Akasema mama yake Crisanto ana miaka tisini, hana wiki saba. Ubao ulikuwa pale ukutani, karibu na mkono."

Remedios alitoa pingu. Hakuona ushindi wowote, ila hasira, na hamu ya kwenda kulala.

"Saa tatu zimebaki," alisema. "Mkuu, utasaini Temyong aachiwe?"

"Nasaini. Kisha uniandike na mimi." Kanali aliivua pete ya udugu, ikakwama kwenye kifundo, akaivuta mpaka ikatoka. "Tulikatazwa kwenda kumzika Crisanto. Mama yake aliita jina lile peke yake, mara tatu. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, nasikia."