Disketi ya Visima

Kengele ya kutoka shuleni ilipolia, Mbodze hakwenda moja kwa moja nyumbani kwao Buxton. Kila alasiri alishika njia ya Ndia Kuu, katika Mji wa Kale, kwa shangazi yake Mwanatumu, aliyekuwa na duka dogo la kupiga chapa katikati ya wauza vinyago. Alitembea kwa kuchagua pa kuweka mguu. Ilikuwa Machi 1998, na mvua kubwa za mwaka uliopita zilikuwa zimefurisha mashimo ya vyoo hata vichochoro vikawa bado vinanuka.

Mbodze alikuwa na miaka kumi na miwili na aliona kinyaa upesi. Hakunywa katika kikombe cha mtu mwingine. Mwenzake wa dawati akipiga chafya, yeye alihama. Watu wengine, kwa maoni yake, walikuwa wachafu mno.

Kompyuta ya shangazi ilikuwa kuukuu, karibu rika lake Mbodze. Ilikuwa imetoka katika ofisi moja kule Mbaraki. Ndani yake hakikuhifadhiwa chochote. Kila ilipowashwa, ilibidi tundu la kushoto litiwe disketi yenye mfumo wa kuiendesha, na tundu la kulia disketi yenye kazi ya mteja. Disketi zenyewe zilikuwa pana, nyeusi na laini, zisizoingia katika kompyuta mpya za mjini. Printa yake ilivuta karatasi zenye vitobo pembeni huku ikipiga kelele mtaa mzima ukasikia. Vijana waliicheka, lakini iliandika, na Mbodze alijua amri zake zote kwa moyo. Sharti la shangazi lilikuwa moja tu: chakula kisiisogelee.

Aliyeiweka hai mashine hiyo ni Fundi Ogutu, mtu wa makamo aliyetunza kompyuta kama hizo kwa miaka mingi. Mbodze hakumpenda. Kucha zake zilijaa grisi, na shati lake lilikuwa na ramani za jasho kwapani. Kila alipoondoka, Mbodze aliifuta kibodi kwa kitambaa, akikunja uso.

Alhamisi moja shangazi alitoka kwenda kuswali alasiri, akamwachia Mbodze duka. Mbodze alikuwa na njaa. Alikuwa na bhajia za moto na chatini ya ukwaju kwenye mfuko wa nailoni, akaziweka juu ya kompyuta, kama alivyozoea kufanya shangazi asipokuwapo. Kando yake ilikuwa disketi ya Bi Mutanu, mmoja wa wateja wa shangazi, nje ya bahasha yake. Alipoutoboa mfuko kwa meno, chatini ilimwagika juu ya disketi, ikaingia hasa pale penye uwazi ambapo kisahani chake cha kahawia huonekana.

Mbodze aliipangusa kwa upindo wa sketi, akairudisha katika bahasha na kuitia sandukuni. Mfuko wenye mabaki aliusukuma nyuma ya kompyuta, ukaangukia kwenye ufa wa kifuniko. Aliporudi shangazi, alimkuta mpwa wake ameketi ametulia, mikono safi.

Jumamosi asubuhi Bi Mutanu alikuja kuchapa ripoti yake. Alikuwa mhudumu wa afya kutoka Machakos, mwanamke mpole ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akivikagua visima vya Mji wa Kale: kipi kimefunikwa, kipi kiko karibu na choo, kipi kimewaumiza watoto matumbo. Madaftari yake yalioza kwa mvua. Kilichobaki ni disketi ile, na Jumatatu kulikuwa na mkutano wa kuamua visima vipi visafishwe.

Shangazi aliitia disketi. Tundu lilikoroma, likakwaruza, kisha kioo kikaandika kwamba disketi haisomeki. Akajaribu tena. Haikusomeka. Bi Mutanu alikaa chini polepole, akauliza kama hakuna nakala nyingine. Hakukuwa na nakala.

"Nani ameigusa mashine hii?" shangazi aliuliza.

"Wa mwisho kuifungua ni Fundi Ogutu, wiki jana," Mbodze alijibu. Neno hilo lilikuwa kweli, na alilisema ili lidanganye.

Ogutu aliitwa. Alikuja na mkoba wake, akasalimu, akapokea maneno makali ya shangazi bila kujitetea. Alimwomba tu asiitie disketi ile katika tundu la pili, isije ikaharibu na hilo. Kisha akafungua kifuniko.

Harufu ilitoka kwanza, chachu na nzito, kama ya chakula kilichosahauliwa juani. Kisha wakatoka mende, wakubwa kwa wadogo, wakakimbilia kwenye nyaya na juu ya meza. Mfuko wa nailoni ulikuwa umegandamana na ukuta wa ndani, umejaa sisimizi, na pembeni yake palikuwa na makombo ya siku nyingi yaliyoota ukungu wa kijani. Juu ya kichwa cha kusomea disketi, mguu wa mende ulikuwa umenata katika ute mweusi wa ukwaju. Shangazi alijiziba pua kwa mtandio. Hata Bi Mutanu aligeuka pembeni. Mbodze alikimbia mlangoni, akatapika kwenye mtaro.

Aliporudi, Ogutu alikuwa akiokota uchafu ule kwa vidole vitupu, na shangazi akimwambia kwamba fundi wa kuacha mashine katika hali hiyo hatamwita tena.

"Samahani, mama," Ogutu alisema. "Pengine sikukifunga vizuri kifuniko."

Mbodze aliviangalia vile vidole. Vilikuwa vikiondoa makombo yake yeye. Kinyaa alichokihisi hakikuwa tena cha mende wala cha grisi. Kilikuwa cha nafsi yake, na hapakuwa na mtaro wa kukitapikia.

"Shangazi, si yeye," alisema. "Ni mimi. Bhajia ni zangu, na chatini niliimwaga mimi juu ya disketi. Nikaficha."

Shangazi hakumpiga wala hakupaza sauti. Alimgeukia Ogutu na kumwomba radhi mbele ya watu wote. Hilo lilimchoma Mbodze kuliko kofi.

Ogutu alisema huenda disketi ikaokoka. Alichana ukingo wake kwa wembe, akatoa kisahani cha kahawia, chembamba kama jani. Kilikuwa na doa linalonata, na sisimizi wawili wamekufa juu yake. Aliagiza maji ya mvua yaliyochemshwa na kupozwa, kwa kuwa ya kisima yana chumvi, na tone la sabuni. Kisha akamwita Mbodze akioshe mwenyewe.

Mbodze aliwatoa sisimizi kwa ncha ya kidole. Kisha aliendelea kupitisha vidole polepole, asikwaruze, mpaka doa likatoka. Wakakikausha kwa kitambaa laini cha pamba, wakakivika gamba la disketi tupu. Ogutu alikisugua kichwa cha kusomea kwa spiriti, naye Mbodze akayatoa makombo yote kwa brashi, akalipangusa na sanduku zima la kompyuta.

Mara ya kwanza disketi haikusomeka. Mara ya pili pia. Mara ya tatu, taa nyekundu ya tundu iliwaka ikatulia, na majina ya visima yakaanza kupanda kwenye kioo. Ogutu alinakili upesi kwenye disketi nyingine. Visima thelathini na vinane vilirudi. Vitatu vilipotea.

Jumapili, Mbodze alikwenda na Bi Mutanu kuvikagua upya vile vitatu. Hakuweza kuziba pua, kwa kuwa mkono mmoja ulishika daftari na mwingine futi ya kupimia. Katika kisima kimoja alielea panya aliyevimba, na mwanamke mmoja akawaambia kwamba jana yake walikuwa wamechota humo maji ya kupikia. Mbodze aliandika kila kitu, akarudi dukani kukichapa.

Jumatatu jioni Bi Mutanu alileta habari. Visima kumi na moja vingefungwa na kusafishwa, pamoja na kile cha panya. Mbodze alimwomba tena msamaha.

"Nimekusamehe," Bi Mutanu alisema, "lakini sikiliza, mwanangu. Visima vinavyonuka havinitishi sana, kwa sababu watu huvikimbia. Vinavyonitisha ni vile ambavyo mwenye nyumba anajua choo chake kimevujia humo, akanyamaza, na watoto wa jirani wakaendelea kunywa. Wewe ulinyamaza siku mbili, na mtu mwema akabebeshwa uchafu wako. Ukikosea, sema saa ile ile, wakati uchafu bado unaosheka kwa maji na sabuni."

"Nimesikia, Bi Mutanu," Mbodze alijibu.

Kisha akaomba ufagio, akainama kufagia hata chini ya meza ya printa, mahali ambapo hakuna aliyemtuma kufagia.