Alama ya Dole Gumba kutoka Kinole

Bahasha ilikuwa imefungwa kwa lakiri, lakini ilinukia mdalasini.

Sajenti Hafidha aliigeuza mezani. Sahihi yake ilikuwa palepale kwenye mkunjo, haijakatika. Ndani mlikuwa na kadi moja tu, yenye alama ya dole gumba aliyoitoa yeye mwenyewe kwenye chupa ya mafuta nyumbani kwa Bi Mwanvita, muuza viungo wa Kinole aliyekutwa amekufa kitandani, shingo ina michubuko. Siku ile alivaa glovu. Alipaka unga mweusi kwa brashi laini, akapiga picha kwanza, ndipo akaibandua alama kwa selotepu na kuilaza kwenye kadi.

Alikata lakiri, akainamia lenzi.

Kule Kinole aliona kitanzi: mistari inaingia upande mmoja, inapinda, inatokea kulekule ilikoingia. Sasa aliona duara, kama maji yanapozama kwenye tundu.

Kuna mtu kaibadilisha, aliwaza.

Ufunguo wa kabati la vielelezo walikuwa nao wawili tu, yeye na Koplo Evance. Hafidha akatoa alama za Evance. Za wapelelezi wote huhifadhiwa ili zisichanganywe na za mhalifu. Akalinganisha pale mstari unapogawanyika, pale unapokatika. Vyote vilikubaliana. Akafungua kamera, ambayo haikutoka mkononi mwake tangu siku ile. Hata picha ilikuwa ya dole gumba la Evance.

Evance alipoingia, alimwita.

"Koplo, umeigusa kadi hii?"

"Sijaigusa, afande."

"Njoo uangalie."

Evance akainama. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa mengine. "Afande," alinong'ona, "hii mbona ni ya kwako?"

Hafidha alimpokonya lenzi. Aliliona kovu lake mwenyewe, lile la kisu cha jikoni, limekatiza katikati ya alama. Na kadiri alivyozidi kumshuku Evance, kovu lile likafumba, mistari myeusi ikatambaa chini ya selotepu kama minyoo iliyomwagiwa chumvi, ikajikunja, ikajikunjua, mpaka ikatulia kwenye duara la Evance, na harufu ya mdalasini ikampanda puani hadi koo likamwasha.

"Inamfuata unayemshuku," Evance alisema kwa sauti ya chini.

"Na Afande Godfrey anamshuku nani?"

Wote walijua. Mkuu wao alishamweka mahabusu Sufiani, mpwa wa marehemu, na kesho angekuja kuitazama kadi. Angeona anachotaka kukiona.

"Kinole kuna mzee anaitwa Yunusi," Evance alisema. "Haya mambo anayaweza."

"Kielelezo hakitoki humu bila amri."

"Kikibaki, yule kijana atanyongwa."

Hafidha akaichukua bahasha.

Mzee Yunusi aliwapokea barazani. Walimwamkia shikamoo, akaitikia, akainusa bahasha bila kuifungua.

"Jini huyu alikuwa wa Mwanvita," alisema. "Alimfuga amlindie mali. Kazi yake ni kumwonyesha mwenyewe mtu anayemshuku, awe mwizi, asiwe mwizi. Sasa mwenyewe hayupo, na yeye bado anaonyesha."

"Na aliyemuua?"

"Hilo halijui, mwanangu. Anajua shuku tu."

Akachoma ubani, akaweka kadi kwenye sinia, akawaamuru kila mmoja amtakase mwenzake na shuku, kwa kauli na kwa moyo. Evance alisema upesi. Hafidha ulimi ulimwia mzito, na wakati anahangaika kuitafuta imani kifuani, kadi ikaanza kugongagonga sinia, juu ya dari kukasikika kucha zikikwaruza kana kwamba kuna mtu anatafuta pa kutokea, moshi ukalala chini badala ya kupanda, sauti ya mwanamke ikashusha pumzi karibu kabisa na sikio lake, hadi akapiga kelele, "Evance hana kosa! Hana kosa!"

Kimya. Harufu ikakatika. Kwenye kadi, na hata kwenye picha ya kamera, kulibaki doa la kijivu lisilo na mstari hata mmoja.

"Hapa hapana cha kulinganisha," Hafidha alisema, machozi yakimlengalenga. Sufiani angeachiwa.

"Msimwite tena kwa shuku," mzee alisema.

Njiani kuteremka mvua ilinyesha. Evance aliendesha polepole, gari likiteleza kwenye tope, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Hafidha alicheka.

"Nyumba ya mzee uliijuaje? Hukuuliza njia hata mara moja."

Evance alibadilisha gia.

"Niliwahi kuletwa," alisema. "Na Bi Mwanvita."

"Ulikuwa unafahamiana naye?"

"Kidogo."

Mdalasini ukajaa ndani ya gari. Hafidha akatazama mapajani. Juu ya bahasha, kwenye karatasi nyeupe, dole gumba jeusi lilikuwa linajichora lenyewe, mstari kwa mstari.

Akalifunika haraka kwa kiganja, asije akaona ni la nani.

"Mbona kimya, afande?" Evance aliuliza, akipunguza mwendo.