Swichi Chini ya Kiti cha Orville

Jumapili, saa saba na dakika kumi mchana, katika ukumbi wa chini wa kanisa mjini Duluth, kiti cha umeme cha Orville Lindqvist kilimbana rafiki yake Verna Aho ukutani kikamvunja mguu. Kiti hicho hupunguza mwendo chenyewe na kusimama kikiona kitu mbele. Siku hiyo hakikusimama. Msimamizi wa makao anamoishi Orville akasema kiti si salama, Jumanne kitachukuliwa. Bila kiti, Orville angebaki kitandani.

Marlys Tollefson, polisi mstaafu wa kanisa hilo, alikikagua. Swichi ya macho ya kiti, yaani vihisi vinavyoona vizuizi, ilikuwa imezimwa, nayo iko chini, nyuma. Orville amepooza kuanzia shingoni. Huendesha kwa kidevu.

"Niliizima kwa ulimi," Orville alimwambia. "Andika hivyo, dada, tumalize."

Marlys akamgeukia Dale, mtunza kanisa, aliyekichaji kiti asubuhi. Lakini saa sita kamili kiti kilisimama chenyewe mbele ya mchungaji mlangoni, watu wakacheka. Tangu hapo hadi ajali, Dale alikuwa nje akizoa theluji kwa koleo, na majirani walimwona.

Marlys akarudi ukumbini. Macho yakiwa yamewashwa, kiti husimama hatua nzima kabla ya meza. Ndiyo maana Orville hulishwa pembeni. Ila Jumapili mchuzi wake ulimwagika kwenye kitambaa cha meza, na hapo palibaki bakuli lililobandikwa utepe wa jina: V. Aho. Pale kanisani kila bakuli la chakula ambacho mtu ameleta hukaa kwenye meza ya wote. Kulibeba hadi mahali pako ni aibu, labda uwe unamlisha mtu.

Hospitalini, Verna hakubisha.

"Miaka miwili anakula ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa," alisema. "Nilizima ili akae nami mezani. Nikainuka kuleta kahawa, nikasahau kuwasha. Alipoondoka mezani, kiti hakikuniona."

"Na ukanyamaza?"

"Wangenikataza kumkaribia."

"Kwa hiyo anyang'anywe miguu yake?"

Verna alilia kidogo, kisha akaomba simu, akamweleza msimamizi kila kitu mwenyewe. Msimamizi akakubali kiti kibaki. Fundi angekirekebisha kiweze kusogelea meza polepole. Verna hakukatazwa chochote.

Marlys akampigia Orville. Akamweleza yote.

"Nilijua ni yeye," Orville akasema. "Mwambie chakula chake kilizidi chumvi. Na nitamaliza kilichobaki."

Mota ya kiti ikavuma kwenye simu, akaenda zake.