Pesti Iliyokauka

Waligongana kwenye ngazi za jengo la maduka ya simu, mchana wa Jumamosi, saa ambazo kila mtu anauza na kila mtu anapiga kelele. Dada alikuwa anashuka na blauzi yake ya kijani, bisibisi nyuma ya sikio. Kijana alikuwa anapanda, amekumbatia kompyuta iliyofungwa kwa shuka kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali.

"Samahani, dada. Namtafuta fundi wa kompyuta wa humu, wanasema ana mkono mzuri."

"Umeshampata, na umeshamvunja goti."

Kijana akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza fundi, tuseme ukweli mapema.

Kijana huyo wenzake walimwita Rubani, kwa sababu ya hedifoni kubwa zisizomtoka shingoni. Alicheza michezo ya kompyuta, na si kwa mzaha. Timu moja kubwa ilikuwa inatafuta mchezaji wa kumwajiri, na mechi ya majaribio ilikuwa imekaribia, kila mtu akicheza kutoka nyumbani kwake. Akiikosa nafasi hiyo, atakwenda kuvunja mawe kwenye machimbo ya mjomba wake. Dada yake, aliyemlaza kwenye kochi miaka nenda rudi, alikuwa amechoka naye na alishasema hivyo mbele ya watoto.

"Inaanza vizuri," alieleza, "halafu ikichemka, picha zinakwama. Nikija kumwona adui, nimeshakufa."

Fundi akaifungua. Alipuliza vumbi lililojaa kwenye feni, akaondoa programu zisizo na kazi zilizokuwa zinajiwasha zenyewe. Kisha akaiona pesti, ule uji mzito wa kijivu unaopakwa kati ya prosesa, ubongo wa kompyuta, na feni yake ili joto lipate pa kutokea. Ilikuwa imekauka na kupasukapasuka. Ilitakiwa ifutwe, ipakwe mpya, na tyubu ya mpya ilikuwa pale pale mezani. Akaitazama tyubu, akamtazama kijana, akafunga kompyuta.

Alijua itachemka tena, na mwenyewe atarudi.

Akarudi kweli. Mara hii fundi akabadilisha kebo, mara ile akaongeza feni, na kila safari mazungumzo yakawa marefu kuliko kazi. Haukupita muda wakawa hawalali bila kila mmoja kusikia sauti ya mwenzake.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?" fundi aliuliza kwenye simu.

"Yupi, mimi au kompyuta?"

"Wewe huna dawa. Nauliza kompyuta."

"Imeanza kuvuma tena. Nije?"

"Njoo. Vaa lile shati la bluu."

"Mpenzi, hapo unataka kazi au unataka shati?"

Fundi alikusudia kupaka pesti kabla ya mechi, aliapa moyoni. Lakini wiki ile ya mwisho mvua ilileta baridi, kompyuta ikatulia, na Rubani akakataa isiguswe kabisa, akiogopa kitu kitavurugika. Kumwambia ni lazima ifunguliwe kungemlazimu aeleze kwa nini hakuitengeneza mwanzo. Akaona haya, akanyamaza. Siku ya mechi jua likawaka.

Rubani alipiga simu jioni.

"Imezimika. Nilikuwa naongoza, mpenzi. Ikaanza kukwama, halafu ikazima kabisa. Wamemchukua mwingine."

"Pole."

"Kosa langu. Nimeilazimisha mno."

Fundi akamtakia usiku mwema, akakata simu.

Jumatatu Rubani akaja dukani na kompyuta yake, macho mekundu, shati la bluu limekunjamana.

"Mjomba ananisubiri kesho," alisema. "Sawa, nitavunja mawe. Ila kabla sijaenda nataka nijitambulishe kwenu. Nikuoe. Dada yangu mwenyewe kanikatia tamaa, wewe ndiye pekee uliyekuwa upande wangu."

Neno moja tu, ndiyo, lilitosha, na fundi alilitaka kuliko kitu chochote. Angelisema, angeolewa, na hakuna ambaye angejua.

"Pesti ilikuwa imekauka," alisema. "Niliiona siku ya kwanza."

"Ukasahau?"

"Sikusahau. Nilitaka urudi."

Rubani aliketi kwenye kiti cha wateja.

"Ningerudi tu," alisema polepole. "Hata ingekuwa nzima ningerudi."

Fundi akaanza kulia.

"Ipake sasa. Nataka kuona."

Fundi akaifungua. Akafuta ile kavu, akapaka mpya kiasi cha punje ya dengu, akafunga feni. Chai ambayo jirani wa duka la pili alimiminiwa kazi ilipoanza, ilipokwisha ilikuwa bado inatoa moshi.

"Ni hicho tu?" Rubani aliuliza.

"Ni hicho tu."

Rubani akaiwasha mwenyewe, akafungua mchezo wake, akacheza kidogo. Picha zilikwenda bila kukwama hata mara moja. Akavua hedifoni shingoni, akaziweka juu ya meza.

"Mpe anayezihitaji, na kompyuta pia. Kule kwa mjomba hakuna umeme. Na tafadhali, usinipigie."

Alisema hivyo bila ukali wowote, akatoka. Fundi alimwita, akamwita tena, wapita njia wakageuka lakini si yeye. Kwenye kioo mchezo ulikuwa bado unaendelea, na hakupata nguvu ya kunyoosha mkono auzime.