Konda Achagua Ndege

Asubuhi ile mshonaji alijichoma kidole kwa sindano mara mbili, na mara zote mbili kosa lilikuwa la mumewe.

Mumewe alikuwa kondakta wa basi kwa miaka thelathini. Alikwishastaafu, lakini mtaa mzima bado ulimwita Konda. Alikaa kwenye stuli kando ya cherehani, simu mkononi, miwani kwenye ncha ya pua, akijisifu kwamba amempangia mkewe safari ya ng'ambo kwa bei ya kutupa. Kilichobaki ni kulipa.

Binti yao aliishi huko peke yake. Alhamisi angepasuliwa ili ajifungue. Alimwomba mama yake jambo moja tu: afike Jumatano, amsindikize mpaka mlango wa chumba cha upasuaji.

Konda alichagua mashirika mawili ya ndege. La kwanza lilikuwa lile lililowahi kumpeleka mkewe nchi jirani, mwendo wa saa moja. La pili lingemvusha bahari kwa saa tisa. Katikati aliacha dakika hamsini.

"Unashuka hii, unapanda ile," alisema. "Ni stendi tu, mke wangu."

"Na begi langu?"

"Litakufuata. Mzigo humfuata mwenyewe."

Hapo sindano ikaingia mara ya pili. Mshonaji akanyonya kidole, akatoka kumwita jirani wa mlango wa pili, anayepima mizigo kwenye kaunta ya uwanja wa ndege.

Jirani alikuja na sare yake ya kazi, viatu mkononi. Alisoma simu, kisha akauliza, "Baba, ndege ya kwanza ikichelewa?"

"Ya pili itasubiri. Mimi nilikuwa nasubiri abiria mpaka dereva ananitukana."

"Haisubiri, baba. Hizi ni tiketi mbili mbalimbali. Shirika la pili halijui kama mama yuko njiani. Akichelewa, atanunua nyingine."

Akawaeleza taratibu. Shirika lile la kwanza si baya. Kwa safari ya saa moja, na mkoba mdogo, linatosha. Hata usipopewa chakula hufi njaa. Safari ndefu ina mambo yake. Tafuta tiketi moja hadi mwisho, hata kama utabadilisha ndege. Begi liandikiwe hadi mwisho pia, la sivyo utalifuata nje na kupanga foleni upya. Acha saa mbili au tatu za kubadilisha ndege. Uliza uzito wa begi, na kama nchi unayopitia inataka viza.

Kila neno Konda alilipinga. Mshonaji alichoka.

"Baba watoto, basi likiniacha nitapanda lingine. Mwanangu atapasuliwa mara ngapi?"

Konda akavua miwani. Akamkabidhi jirani simu.

Walipata shirika moja, tiketi moja, saa tatu katikati, na kiti cha kando ya njia kwa ajili ya goti la mshonaji linalouma.

Siku ya safari ndege ya kwanza ilichelewa kwa saa nne. Ya pili ikaondoka. Mshonaji alionyesha tiketi yake kaunta, akaandikiwa ndege iliyofuata bila kudaiwa chochote. Alifika Jumatano jioni, na begi lake.

Alhamisi alipiga simu nyumbani. Mtoto alikuwa analia nyuma yake.

"Dereva alikusubiri?" Konda aliuliza.

"Hakunisubiri," mshonaji alisema. "Alinitafutia gari lingine."