Komeo la Stoo ya Korosho

Rafiki yangu Siwema wa Kurui alinisimulia haya mwenyewe. Alikuwa amemwekea mjomba wake komeo la umeme kwenye stoo ya korosho: ukibonyeza swichi linavutika, ukiachia, springi inalirudisha. Siku ya kulijaribu akajifungia ndani, gizani, na stoo ilikuwa imetoka kupigwa dawa ya wadudu.

Akabonyeza. Komeo likatikisika tu. Betri ya pikipiki aliyoliunganishia humo ndani ilikuwa imechoka.

"Fundi, umelala humo?" mjomba akatania nje.

"Mjomba, kifua kinabana. Vunja mlango."

Mjomba akakimbilia mtaimbo. Siwema akachomoa nyaya kwenye betri ili azikwangue kutu. Ndipo, nyaya zikiwa bado mkononi mwake, komeo likavutika. Akatoka akikohoa, amekumbatia betri.

Komeo halikurudi. Lilibaki limevutika, likivuma, kama linamsubiri mwingine atoke.