Kivuli cha Wingu

Walikutana saa sita mchana kwenye duka la kuchapa, foleni imefika mlangoni. Bwana mmoja, msoma picha za setilaiti, alichukua karatasi yake iliyoviringishwa akakimbilia ofisini. Alipoikunjua mbele ya mkuu wake, akakuta mchoro wa mkono wa gauni. Ramani yake ya mto ilikuwa imekwenda na fundi cherehani mwenye gauni la njano. Namba ya ofisi ilikuwa pembeni mwa ramani, na simu ikalia.

"Nina mto wako hapa," fundi alisema. "Na bibi harusi wangu anasubiri mikono."

"Nakuletea sasa hivi. Usiukate mto wangu, tafadhali."

"Siukati. Ila uje mwenyewe, usitume mtu."

Alikwenda mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuacha kwenda. Mapenzi yakakolea. Siku moja akamwonyesha fundi kwenye kompyuta paa jekundu la nyumba ya mama yake fundi, kwenye kona ya mto.

"Mama akijua mkwewe anamchungulia kutoka angani, ataanika nguo ndani," fundi alicheka.

Kisha ikaja Ijumaa ya mvua. Picha mpya ilikuwa na doa jeusi karibu na kona ile. Kivuli cha wingu huonekana cheusi, na maji yaliyotuama, dalili ya mafuriko, vilevile. Kuvitofautisha ni kupima pembe ya jua na mahali wingu lilipo, kazi ya nusu saa. Simu ikaita.

"Mpenzi, nimeshafika. Unakuja, au nianze kula peke yangu?"

Akaandika "kivuli", akavaa koti.

Jumapili mto uliingia majumbani bila onyo. Majirani walimtoa mama kupitia paa, mguu umevunjika, na nyumba haikubaki. Bwana yule alishikwa na aibu hata ya kupokea simu. Wiki tatu zikapita, mpaka fundi akamwandikia: "Kama umepata mwingine, sema, nijue moja."

Alikwenda mchana uleule, picha mkononi, akamweleza yote mlangoni.

"Nusu saa tu?" fundi aliuliza.

"Nusu saa."

"Na mimi ndiye niliyekuwa nakuita." Alifuta machozi. "Ingia. Mama utamwambia mwenyewe."

Mama alikuwa kitandani kando ya cherehani, mguu kwenye plasta. Alimsikiliza hadi mwisho, akavaa miwani, akalitafuta paa lake kwenye picha, pembeni mwa doa.

"Wenzako kazini wanajua, baba?"

"Bado, mama. Nimeogopa."

"Na wanaoishi kona ya chini, mvua ikirudi, nani atawasomea hilo doa? Nenda kaseme. Mimi bado nina hasira na wewe, lakini ukimaliza, urudi hapa."

Fundi alimvalisha lile koti, akamfunga vifungo kimoja kimoja.

"Wakikufukuza?" alinong'ona.

"Nitarudi nimefukuzwa."

"Basi rudi," fundi akasema, akamfungulia mlango.